Gari la Nesi Eufrasia na Kilo Themanini za Serafini

Shughuli nzima ilitugharimu shafti mbili, tairi mbili, mipira minne ya kubebea injini ambayo mitatu kati yake haikuwa na kosa lolote, magunia mawili ya mchanga, roli moja la mpira la mashine ya kahawa, safari moja ya Tarakea, na mume mmoja. Nimehesabu mara mbili. Mume tulimrudisha mzima, lakini hakurudi kama tulivyomchukua, kwa hiyo namwandika kwenye gharama.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia gereji na kimashine cha kuchomeka chini ya usukani, kikawaambia gari linaumwa wapi. Siwaonei wivu. Haya, nawaonea kidogo. Mimi nilikaa gereji ya Pasua, Moshi, miaka thelathini na moja chini ya bati lenye matundu kumi na moja, na vipimo vyangu vilikuwa vitatu: sikio, mtaimbo, na kumuuliza mwenye gari. Hicho cha tatu nilichelewa kujifunza. Aliyenifundisha ni mkunga.

Nesi Eufrasia alistaafu serikalini enzi za ruksa, wakati kila mtu alikuwa anafungua kitu. Wenzake walifungua maduka ya vitenge. Yeye alifungua vyumba viwili vya nyumba yake, juu ya Himo kwa njia ya Marangu, akaweka vitanda vitatu na kuanza kupokea akina mama wajawazito. Palikuwa pasafi kiasi kwamba unavua viatu kabla hujaambiwa. Nimefanya kazi na mafundi wengi, wengine hodari sana, lakini nikiulizwa nani wa kwanza kwa ufundi nitamtaja yule mama, na hakuwahi kushika spana.

Mwenye uzazi wa kawaida alizalia pale. Mwenye dalili mbaya Nesi hakubahatisha naye. Alimpakia kwenye gari lake akampeleka hospitali mjini. Aliniambia siku moja, "Fundi, kazi yangu nusu ni mikono. Nusu nyingine ni kujua saa ya kuondoka."

Tatizo lilikuwa ni kuondoka kwenyewe. Nyumba ilikuwa chini, karibu na mfereji wa maji, na barabara ilikuwa juu. Kati yao palikuwa na kinjia cha udongo mwekundu na mawe, migomba huku na huku. Nilikipima kwa hatua: mia moja arobaini na tatu kushuka, mia moja hamsini na moja kupanda. Mlima hurefuka mtu akiishiwa pumzi.

Gari lilikuwa dogo, la mtumba, moja ya yale yaliyoanza kumiminika miaka ile kutoka Japani. Na lilikuwa la kuvuta kwa mbele. Nyie mmezaliwa mkayakuta. Sisi tulikuwa tumelelewa na pikapu na malori, magari yanayosukuma kwa nyuma, na kila tulichokijua kuhusu kupanda mlima tulikijua kwa mgongo wa pikapu. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Siku alipokuja gereji mara ya kwanza nilikuwa chini ya lori. Niliona viatu vyeupe. Nikatoka haraka.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba, fundi. Gari langu linacheza."

"Linachezaje?"

"Kama mbuzi aliyefunguliwa asubuhi. Mbele tu. Nyuma limetulia kama padri."

"Wakati gani?"

"Nikipanda kutoka nyumbani na mgonjwa, nikikanyaga mafuta. Nikiwa peke yangu hapohapo linapanda vizuri tu."

Vijana, rudieni kusoma maneno yake hayo ya mwisho. Alinipa jibu lote siku ya kwanza, bure. Mimi nikalitia mfukoni nikaliacha huko pamoja na misumari.

"Nitalitazama," nikasema.

"Litazame kabla ya Pasaka. Masika inakuja. Kama siwezi kumfikisha mama barabarani, sina haki ya kumpokea mlangoni. Pasaka ikinikuta gari bado linaruka, nafunga."

"Unafunga gari?"

"Nafunga nyumba."

Kisha tukapatana bei. Mimi nimepatana na wauza spea wa Himo, watu wanaoweza kukuuzia kofia yako mwenyewe, na sikuwahi kutoka mikono mitupu. Nesi alinishusha mpaka nikajikuta nasema asante.

Basi nikaenda kuliona likiruka. Aliwapakia majirani, akaondoa gari kwa nguvu, na lilipofika penye mwinuko mkali magurudumu ya mbele yakaanza: du-du-du-du-du! Mtu anayegonga mlango wa choo kwa dharura hagongi hivyo. Boneti ilitetemeka, usukani ukamtetemesha Nesi hadi kilemba.

Nawaeleza kinachotokea, maana wengi wenu mnabadilisha vyuma bila kujua. Mmewahi kusukuma kabati zito kwenye sakafu ya saruji? Halitelezi taratibu. Linang'ang'ania, unaongeza nguvu, linajipinda, ghafla linaachia na kuruka kidogo, kisha linang'ang'ania tena. Gurudumu linalovuta ni hivyohivyo. Linashika ardhi, linavuta, mipira yote nyuma yake inajikunja kama kamba inayosokotwa: mpira wa tairi, mipira ya mikono inayoshika gurudumu, mipira inayobeba injini. Ikishajikunja vya kutosha, tairi linateleza, mipira inafyatuka, tairi linashika tena. Mara nyingi kwa sekunde moja. Kila mpira uliolegea unaongeza nafasi ya kufyatuka. Na kila mshindo unafika kwenye shafti, ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu kwenye gurudumu. Chuma kina subira, lakini nacho kina mwisho.

Haya nayajua sasa. Siku ile nilitikisa kichwa kama mtu anayejua, nikasema, "Gari ni jepesi. Tulitie uzito."

Ndipo nikafanya kosa ambalo fundi yeyote wa mlimani wa umri wangu angelifanya. Pikapu ikiteleza ikipanda, tulifanya nini? Tulitia mawe nyuma. Kama hakuna mawe, watu. Nimeona harusi nzima ikiamriwa kupanda nyuma ya pikapu, bibi harusi naye, ili magurudumu yashike. Basi nikachukua magunia mawili ya mchanga wa mfereji, nikayapakia kwenye buti la gari la Nesi. Nikaufunga mlango wa buti kwa fahari.

Gari lilipanda hatua ishirini na sita. Likaruka hata mbwa wa jirani akaacha kubweka. Kisha, tak! Shafti ya kwanza. Nilirudi Pasua nimeibeba begani, na kila aliyekutana nami alinipa pole kama ya msiba.

Nikaamua injini ndiyo inayocheza. Nikaenda Tarakea kutafuta shafti na ile mipira ya kubebea injini, maana upande ule spea kutoka Kenya zilikuwa zinapita kwa wingi. Nikamkuta muuzaji amekalia gunia la bidhaa zake kama kuku.

"Nataka mpira mmoja, wa mbele."

"Hii haiuzwi mmoja mmoja, mangi. Ni minne. Inakaa pamoja kama familia."

"Basi nipe punguzo la familia."

Akacheka, akanipa punguzo, na nikaondoka nimeridhika kabisa kwa kununua vitu vitatu nisivyovihitaji kwa bei nzuri. Vijana, hiyo ndiyo hasara tamu kuliko zote. Jihadharini nayo.

Nikafunga shafti na mipira yote minne. Kuruka kukapungua kidogo, kama mlevi aliyenyunyiziwa maji. Hapo nikakubali kwenda kwa Mzee Jagtar.

Jagtar alikuwa Singasinga, mkerezaji wa vyuma. Karakana yake ilikuwa mjini, karibu na reli, na mashine yake ya kukerezea ilikuwa imemzidi umri. Baba yake aliishi na kuzeeka hapohapo Moshi akikereza, naye akazaliwa hapohapo. Alikuwa na tabia moja iliyoniudhi miaka mingi kabla sijaihusudu: haigusi kazi mpaka ameuliza maswali yote.

"Mchanga uliweka wapi?" akaniuliza.

"Kwenye buti, Mzee."

"Na magurudumu yanayovuta yako wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye boneti.

"Anselmi, ukitaka ng'ombe asiinue kichwa, unamkalia mkiani?"

Nimefundishwa na watu wengi kwa maneno mengi. Yule alinifundisha gari la kuvuta mbele kwa ng'ombe mmoja. Uzito ukikaa nyuma, na mlima nao unauvuta uzito nyuma, pua ya gari inakuwa nyepesi. Tairi la mbele halina kinacholigandamiza. Linashika, linaachia, linaruka. Nilikuwa nimetia dawa ya kichwa kwenye goti, tena dawa yenyewe ni sumu.

Akanionyesha kupima mpira wa injini bila kununua kitu. Gari lifungwe breki ya mkono, mtu aingize gia ya kwanza, aachie klachi kidogo tu, na wewe usimame pembeni, si mbele, ukitazama injini. Ikiinama kidogo ni adabu. Ikisujudu, mpira umekufa. Kumbe kati ya ile minne ya zamani, uliokuwa umekufa ni mmoja tu, ule wa mbele. Ile mitatu ya zamani niliitoa kwenye pipa la takataka siku hiyohiyo.

Kisha akachomeka mtaimbo kwenye mkono wa chini, ule unaoshika gurudumu, akausukuma mbele na nyuma. Ukacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Bushi, yaani kile kipete cha mpira kinachoushikilia mkono pale unapofungwa, ilikuwa imekwisha.

"Hapa ndipo mbuzi wako anapofunguliwa," akasema.

Akatukerezea bushi za nailoni, ngumu kama mfupa. Tukafunga. Nesi akaenda nalo siku mbili, akarudi.

"Haliruki sana, fundi. Lakini nimehesabu mawe yote ya Marangu kwa uti wa mgongo. Nikimpakia mama humu, atazaa kabla ya Himo."

Niliogopa kumpelekea Jagtar maneno hayo. Mafundi wazee mnawajua. Nilimpelekea nusu tu, nikayapaka sukari. Akataka nusu iliyobaki. Alipoipata akafuta mikono, akasema, "Ana haki. Mimi nilipima gari. Yeye anampima mama." Akatafuta roli la zamani la mpira lililotolewa kwenye mashine ya kukobolea kahawa, akalikata, akalitoboa, akalikereza upya bushi moja moja. Mpira ule ulikuwa mgumu wa kuzuia gurudumu lisicheze, na laini wa kumeza jiwe. Alirudia kazi yote bila kukunja uso. Mpaka leo nikiona mtu anagombana na mteja kwa sababu kazi imerudi, namkumbuka mzee yule akipuliza vumbi la mpira kwenye ndevu zake.

Tairi nazo. Nesi alikuwa ameweka nzuri nyuma na zilizokwisha mbele, kwa sababu alifundishwa kuendesha kwa pikapu ya serikali. Tukanunua mbili Himo, zikaenda mbele. Upepo ulikuwa umejazwa hadi tairi linalia kama ngoma. Jazeni kiasi kilichoandikwa kwenye mlango wa gari, asubuhi, tairi likiwa baridi. Upepo ukizidi linadunda. Ukipungua mno linajikunja na kufyatuka. Shokapu tulizipima kwa kukandamiza kona ya boneti. Inapanda mara moja na kutulia, basi iache, usiibadilishe ili tu bili iwe ndefu.

Tukalijaribu gari, Nesi na mimi, Jagtar akitutazama. Lilipanda kimya. Nilipiga ishara ya msalaba, Jagtar naye akanipongeza kwa kunigonga bega kwa mkono wenye grisi. Hiyo ilikuwa wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu, hapana, nakosea. Ilikuwa wiki ya tano ya Kwaresima. Nimehesabu tena.

Jumanne ya wiki takatifu akaja mama mmoja, mtoto amelala vibaya tumboni. Nesi akampakia na ndugu zake wawili, akakanyaga mafuta. Nusu ya kinjia: du-du-du-du, tak! Shafti ya pili. Wanaume wanane walimbeba mama yule juu ya godoro hadi barabarani, wakasimamisha pikapu ya ndizi, wakapakua mikungu chini. Alifika. Yeye na mtoto walipona, lakini kwa dakika, si kwa saa.

Kesho yake Nesi alikuja Pasua. Nilijiandaa kugombezwa, nilikuwa hata nimechagua maneno ya kujitetea. Hakunigombeza. Alisema, "Nimekuja kukushukuru, fundi, na kukuaga. Umejitahidi. Jumatatu ya Pasaka nafunga."

Kugombezwa kungelikuwa nafuu. Alikuwa ameshafika kwenye geti aliposimama kufunga mkoba wake, na mimi nikiutazama ule mkoba ndipo misumari ya mfukoni ikanichoma. Alisema siku ya kwanza: nikiwa peke yangu linapanda vizuri tu.

"Nesi!" nikaita. "Mgonjwa anakaa wapi?"

"Nyuma. Angekaa wapi?"

"Na ndugu?"

"Nyuma naye. Wanamshika."

"Na mbele kuna nani?"

Akainua mkoba wake. "Huyu."

Alhamisi tulikwenda kwake, Jagtar na mimi, na shafti nyingine niliyoikopa kwenye gari la mteja aliyekuwa Dar. Nikaomba kupima mzigo wote kama unavyokuwa siku ya safari. Karani wa chama cha ushirika alituazima mizani ya kahawa. Akina mama walipoiona wakapinga.

"Mbona hamkuleta mizani ya wale wanunuzi binafsi?" akauliza mmoja. "Ile ndiyo nzuri."

"Ile inapunguza kilo, mama."

"Ndiyo maana tunaitaka!"

Tukapima. Wanawake watatu, godoro, mkungu wa ndizi wa kuwalisha watakaolala hospitali, sufuria ya mtori, ndoo ya maji. Vyote hivyo vilikaa nyuma: kilo mia mbili hamsini na tatu. Nikarudia, ikawa hamsini na nne, kwa sababu mama mmoja alikuwa ameshika mwavuli. Kiti cha mbele: mkoba, kilo sita. Mimi niliyeaibika kwa magunia yangu ya mchanga nikakuta kijiji kizima kinafanya kosa langu, kwa upendo.

"Mume huwa yuko wapi?" Jagtar akauliza.

Wanawake wakatazamana. Mama Bibiana, mkwe wa mama mmoja aliyekuwa anakaribia kujifungua, akajibu kwa niaba ya wote. "Mume aende wapi, mbe? Haya ni mambo ya wanawake. Mume anabaki kihambani, ananyoa migomba."

"Anabaki na kilo ngapi?"

Wakacheka hadi mizani ikayumba. Jagtar hakucheka. Alikuwa anaandika.

Jumamosi Kuu, saa nane mchana, mvua imeanza, mkwe wa Bibiana akashikwa na uchungu. Jina lake Adela. Alianza kutokwa na damu mapema, na Nesi alipomwona tu akasema, "Hospitali, sasa." Sisi tulikuwa palepale, nilikuwa nimekataa kuondoka mpaka Pasaka ipite. Nikaanza kupanga gari. Mkungu wa ndizi mbele, chini. Shangazi yake Adela apande kwa miguu, atachukuliwa juu. Nyuma Adela na Bibiana tu. Kikabaki kiti cha mbele.

"Serafini!" Bibiana akaita kuelekea migombani. "Serafini, toka huko! Fundi anataka kilo zako!"

Akatoka mwanawe, mume wa Adela, kijana mpana, panga mkononi, maji yanamtiririka usoni. Nadhani hayakuwa ya mvua yote.

"Una kilo ngapi?" nikamuuliza.

"Themanini. Nilipimwa chama."

"Vaa na gambuti. Panda mbele."

"Mimi? Fundi, mimi ni mwanamume. Nikikaa humo watu watasemaje?"

Nesi tayari alikuwa nyuma ya usukani. Hakumtazama. "Watasema gari limepanda. Ingia."

Akaingia. Bibiana akampa sufuria ya mtori, akaipakata kwa mikono miwili kama kikapu cha sadaka. Mimi nikatembea pembeni na jiwe la kuzuia gurudumu, Jagtar upande wa pili na lake, kilemba kimelowa.

Sasa sikilizeni mguu wa Nesi. Zamani alikanyaga mafuta kama anayeua nyoka, kwa sababu ya haraka. Jagtar alikuwa amemwambia siku ile ya mizani, "Usilipige. Lisukume polepole, na liwe limeshaanza kutembea kabla hujafika penye mlima." Naye akajibu, "Mzee, hiyo ndiyo kazi yangu ya kila siku." Sikuelewa. Siku hiyo nilielewa. Dirisha lilikuwa wazi nikamsikia, na sijui alikuwa anamwambia Adela au gari:

"Bado, usisukume. Pumua. Taratibu. Taratibu. Sasa kidogo. Basi. Pumua."

Lilipofika penye mwinuko nikasikia du-du, mara mbili. Nesi akaachia mguu kwa upana wa kucha, likatulia, akaongeza. "Sasa. Sukuma mama, sukuma." Hakumwambia Adela hayo, nina hakika. Gari lilipita pale kwenye alama ya mafuta iliyoachwa na shafti ya pili, likapanda, likafika lami. Nikabaki nimesimama kwenye mvua na jiwe mkononi, hatua mia moja hamsini na moja chini ya miguu yangu, sikuhesabu hata moja.

Adela alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike. Damu ilihitajika, na aliyekuwepo wa kutoa ni Serafini, ambaye siku nyingine angelikuwa migombani umbali wa saa nzima. Daktari alimwambia kitu ambacho hakuwahi kukirudia kwa mtu. Lakini wiki iliyofuata nilimsikia kwenye pombe akimwambia mwenzake, "Wewe kilo zako unazipeleka wapi siku hiyo?"

Nesi hakufunga. Jumatatu ya Pasaka alipaka lango rangi badala yake. Ndani ya mlango kukabandikwa karatasi: Mama nyuma. Mume mbele. Ikawa utaratibu wa pale mlimani, na wanaume wembamba walianza kutazamwa kwa mashaka. Jagtar alipoisikia habari ya karatasi alisema tu, "Bushi ya bei nafuu sana hiyo." Alifariki miaka kadhaa baadaye, Mungu ampumzishe, na bushi zake bado ziko kwenye lile gari. Nilizipima mwezi uliopita kwa mtaimbo. Hazichezi.

Nimezipima kwa sababu gari limeanza kuruka tena.

Ndiyo. Gari ni lilelile, Nesi ni yuleyule, amezeeka lakini mguu wake haujazeeka. Aliniita, nikaenda na fimbo yangu. Mpira wa injini mzima. Tairi nzuri ziko mbele, upepo sawa. Shokapu mpya. Shafti haina kelele. Nikamaliza orodha nikaianza upya, sikuona kitu. Ndipo mama akaletwa, naye alikuwa ni Adela, mimba ya nne, nikasimama pembeni kutazama wanavyopakia.

Kiti cha mbele kilikuwa na mkoba.

Serafini alikuwa nyuma, kilo zake themanini sasa ni tisini na mbili, amembana mama yake mlangoni, amemshika Adela mikono yote miwili na anapumua naye. Siku hizi wanafanya hivyo wote. Tuliwatoa migombani tukawaweka mbele, wao wakahamia nyuma wenyewe. Nilifungua kinywa nimwamuru arudi mbele. Nesi akanitazama kwenye kioo.

"Thubutu, fundi," akasema.

Nikakifunga. Gari liliruka mara saba, likapanda kwa shida. Nilihesabu. Shafti haitavumilia masika nyingine.

Basi, nyie wenye vimashine, naombeni ushauri. Nilipendekeza magunia ya mchanga kiti cha mbele, safari hii mahali pake sahihi. Nesi amekataa, anasema kiti kile ni cha binadamu. Nimejitolea kukaa mwenyewe kila siku ya mgonjwa, sina kazi nyingine. Lakini nina kilo hamsini na nane. Nimejipima mara mbili.